Pikapu ya Kikundi na Mifuko ya Upepo

Wapendwa wana vikundi, mwezi huu somo letu halihusu mbuzi wa maziwa wala hesabu za kuweka na kukopa. Linahusu gari. Katika ziara zangu vikundini, hasa huku Kinangop kwenye viazi, nimeulizwa swali lile lile na vikundi vitatu: "Je, tukifunga ile mifuko ya upepo nyuma ya pikapu yetu, itabeba zaidi?"

Jibu fupi ni hapana. Lakini jibu fupi halimsaidii mtu ambaye ameshafunga, na wengi wameshafunga. Kwa hivyo tukae nalo kidogo. Mimi si fundi wa magari. Haya nimeyapata kwa kukaa na mafundi, kwa kusoma karatasi zinazokuja na vifaa hivyo, na kwa kuona kikundi kimoja kikikaribia kupoteza gari nzima.

Nianze na hicho kikundi. Jina sitalitaja, maana waliniruhusu nisimulie mradi nisiwaaibishe. Waliweka akiba miaka minne wakanunua pikapu ya mkono wa pili, ya tani moja. Mchana ilipeleka viazi Naivasha. Usiku ilikuwa ndiyo ambulensi ya kijiji. Springi zake za nyuma zilikuwa zimechoka, na ikipakiwa ilikuwa inakaa matako chini, taa za mbele zinamulika miti. Fundi wa kwanza aliwashauri waongeze vyuma kwenye springi. Akina mama wakakataa, na walikuwa na haki. Springi ikiongezwa vyuma inakuwa ngumu wakati wote, hata gari ikiwa tupu, na mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kuvumilia mkokoteni kwa kilomita 30 za barabara mbaya.

Basi wakafunga mifuko ya upepo. Ukiwa na mzigo unajaza, ukishusha unapunguza, na gari inakuwa laini tena. Kwa kazi ya kikundi kile, uamuzi ulikuwa mzuri. Nasema hivyo ili msidhani kwamba nimekuja kuipiga vita mifuko. Taabu ilikuja baadaye.

NI KITU GANI HASA

Si ile mifuko inayofumuka mbele ya dereva wakati wa ajali. Hii ni mifuko miwili ya mpira mzito, mmoja kila upande, inayokaa kati ya ekseli ya nyuma na chesisi, yaani zile nguzo mbili ndefu za chuma ambazo ndizo uti wa mgongo wa gari. Unaijaza upepo kwa valvu kama ile ya tairi. Kuna mabasi na malori makubwa yaliyojengwa kiwandani yakikalia upepo badala ya springi. Yetu sisi ni tofauti: springi za gari zinabaki mahali pake na mfuko unazisaidia tu.

Pikapu nyingi tunazozijua huku, kama Toyota Hilux na Isuzu D-Max, nyuma zina springi za vyuma bapa virefu, kimoja kimelala juu ya kingine. Kwa hizo, mfuko hukaa juu ya springi, karibu na ekseli. Kuna magari mengine yenye springi za kujizungusha kama nyoka, na kwa hayo mfuko mdogo huingizwa ndani ya ile springi. Hizi aina mbili zisichanganywe, maana presha zake hazilingani kabisa, kama tutakavyoona.

MFUKO UNAFICHA MZIGO

Kabla ya mifuko, tanboi wa kikundi kile alikuwa na kipimo chake. Alikuwa anaweka mkono kati ya tairi na madigadi. Vikibaki vidole vinne, anapiga bodi kofi na kusema, "Imetosha, funga turubali!" Hakikuwa kipimo cha shule, lakini kilifanya kazi. Gari yenyewe ilikuwa inasema imechoka.

Mifuko ilipofungwa, vidole havikupungua tena. Magunia 18 ya kilo 50, gari imesimama wima. Magunia 22, bado wima. Msimu wa viazi vingi ulipofika, broka mmoja akaja na lumbesa zake, yale magunia yenye kofia ya majani na kamba juu. Wakapakia 14 na gari ikaondoka ikiwa imenyooka kama askari. Kumbukeni kwamba kanuni za viazi za mwaka 2019 zilisema gunia la viazi lisizidi kilo 50, na lumbesa moja inaweza kupita kilo 100. Hakuna aliyepima. Wangepima kwa nini, na gari haijainama?

Ni kama mtu mwenye malaria anayemeza dawa ya maumivu kila asubuhi. Kichwa kimepoa, anaenda shambani, na ugonjwa uko pale pale. Mfuko wa upepo unaondoa kuinama. Uzito hauondoki. Ekseli ni ile ile, fani za magurudumu ni zile zile, tairi ni zile zile, breki ni zile zile, na zote zinabeba kila kilo uliyoiweka juu. Karatasi za watengenezaji wenyewe zinasema wazi kwamba kifaa hiki hakiongezi uzito ambao gari imeruhusiwa kubeba. Watu wanaitupa ile karatasi pamoja na boksi.

Baada ya miezi kadhaa, mweka hazina, ambaye ni mama mwenye macho makali, aliona kwamba nafasi kati ya kabini na bodi ya nyuma haikuwa sawa. Chini ilikuwa nyembamba, juu ilikuwa pana, kama herufi V. Dereva akasema ilikuwa hivyo tangu zamani. Fundi alipovuta uzi kando ya chesisi, ikaonekana imepinda, na upande mmoja ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

KWA NINI CHESISI ILIPINDA

Hapa nawaomba mwende polepole, kwa sababu watu wengi hawapaelewi.

Springi ya vyuma bapa imeshikwa kwenye chesisi mahali pawili: mbele ya ekseli na nyuma ya ekseli. Kwa hivyo uzito unagawanyika sehemu hizo mbili, mbali kidogo na mwenzake. Mfuko wa upepo unasukuma juu mahali pamoja tu, hapo katikati juu ya ekseli. Kadiri unavyoujaza ndivyo unavyochukua kazi ya springi na kuipeleka mahali pale pamoja. Sasa fikirini unavyovunja kuni kwa goti. Goti ni mfuko. Mkono mmoja ni uzito wa injini na kabini upande wa mbele, mkono wa pili ni mzigo uliorundikwa nyuma kabisa. Barabara ikiwa na mashimo, unapiga hilo goti mara elfu kwa siku.

Ndiyo maana mahali unapoweka mzigo ni jambo kubwa sawa na uzito wake. Tufanye hesabu ndogo. Tuseme kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3. Ukiweka kilo 100 mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma, ile ekseli haiongezewi kilo 100. Inaongezewa kama kilo 133, na magurudumu ya mbele yanapunguziwa kilo 33, kama watoto kwenye mbao ya kubembea. Weka kilo 300 pale nyuma, na mbele pametoka kilo 100. Usukani unakuwa mwepesi, na dereva anafurahi akidhani gari imekuwa nzuri! Kumbe tairi za mbele zimeanza kuaga barabara. Na wale vijana wanaosimama kwenye bampa ya nyuma, mbali na kwamba wanahatarisha maisha yao, wako mahali pabaya kuliko pote.

Magunia mazito yaanzie mbele, yagusane na kabini. Nyuma paishie vitu vyepesi.

HESABU YA KILO

Kila kikundi chenye gari kiijue hesabu hii kwa kichwa. Kuna uzito wote unaoruhusiwa, gari pamoja na kila kilichomo, ambao mara nyingi umeandikwa kwenye kibati cha kiwanda. Kuna uzito wa gari tupu. Na logibuku ina uwezo wa kubeba. Tuseme, kwa mfano tu, kibati kinasema kilo 2,800 na gari tupu ni kilo 1,700. Kinabaki kilo 1,100. Watu wengi wanasimama hapo na kupakia magunia 22 ya kilo 50. Lakini dereva, tanboi na mwenye mali, ni kama kilo 210. Kerieli ya chuma iliyochomelewa baadaye, turubali, kamba, jeki na vibao vya kuzuilia, tuseme 90. Kinachobaki ni 800, yaani magunia 16. Tofauti ya magunia 6 ndiyo imevunja magari mengi. Tena ekseli ya nyuma ina kikomo chake peke yake, kwa hiyo hata ndani ya zile kilo 800 huwezi kurundika zote mkiani.

Pale mnaponunulia nafaka au kuuza maziwa kuna mizani. Pimeni gunia moja kutoka kila shamba, kwa sababu gunia la mwenzako si kilo za gunia lako. Mkipata nafasi ya kupita kwenye mizani ya magari mara moja tu, gari ikiwa tupu kisha ikiwa imepakiwa, mtajua mambo ambayo hakuna fundi anayeweza kuwaambia kwa macho.

KUISHI NA MIFUKO SIKU KWA SIKU

Anzeni na tepu. Gari ikiwa tupu, pahali tambarare, pimeni kutoka katikati ya gurudumu la nyuma kwenda juu hadi ukingo wa madigadi, upande wa kushoto na wa kulia. Andikeni. Pakieni mzigo halali, mpime tena. Hapo ndipo mnajaza upepo kidogo kidogo mpaka gari iinuke. Isipite kamwe kile kipimo cha gari tupu, na afadhali ibaki chini yake kidogo, ili springi ziendelee kufanya sehemu yao ya kazi. Mkiandika presha mliyofikia, safari nyingine mtakuwa na pa kuanzia.

Presha gani? Someni karatasi ya mifuko yenu, si ya jirani. Mingi ya ile inayokaa juu ya springi za bapa inataka isipungue pauni 5 hata gari ikiwa tupu, na isizidi pauni 100. Lakini ile midogo inayoingia ndani ya springi ya kuzunguka, mingi mwisho wake ni kama pauni 35 tu. Mtu akiijaza kwa mazoea ya ile mikubwa, anaipasua. Na ile pauni 5 ya chini si mapambo. Mfuko mtupu kabisa unajikunja na kubanwa kati ya vyuma, na safari moja ya mashimo inatosha kuukata.

Mkishusha mzigo, punguzeni upepo kabla ya kurudi. Dereva wa kikundi kile alikuwa anaona ni kazi bure, kwa sababu kesho atajaza tena. Lakini gari tupu yenye mifuko iliyojaa inarukaruka nyuma kwenye barabara ya mawimbi, na kwenye kona ya murramu mkia unateleza kabla hujajua. Tena kama ni usiku na kuna mgonjwa, mifuko haijamsaidia kitu.

Jambo moja dogo lililonifundisha unyenyekevu: mfuko ni mdogo sana ukilinganisha na tairi. Ile kompresa ya stesheni ya petroli inaujaza kwa sekunde chache na kupitiliza. Na ukipima kwa geji, ule upepo unaotoka "psss" ambao kwa tairi si kitu, kwa mfuko unaweza kupunguza pauni kadhaa. Mimi nilipima mara tatu mfululizo nikapata majibu matatu, nikamlaumu fundi kwamba mifuko inavuja. Haikuwa inavuja, nilikuwa naitoa upepo mimi mwenyewe. Pampu ya mkono inatosha kabisa, hata ya baiskeli, mradi kichwa chake kinaingia kwenye valvu ya gari. Polepole ndiyo salama.

Kila mfuko uwe na paipu yake na valvu yake. Mafundi wengine huunganisha yote miwili kwa paipu moja ili kazi iishe haraka. Kwenye kona, upepo wa mfuko uliobanwa hukimbilia mfuko wa pili, na gari inalala zaidi upande ule ule inaoangukia.

Mara moja kwa wiki mtu alale chini aangalie, gari ikiwa imesimama vizuri na magurudumu yamewekewa mawe. Toeni matope na vijiwe kwenye mikunjo ya mfuko. Angalieni kama kuna mahali unagusa paipu ya breki, kebo ya hendibreki au kichwa cha bolti. Mpira ukigusa chuma, mpira ndio unaoumia. Ekzosi isiwe karibu, inchi 6 ndiyo nafasi ya chini, la sivyo pawekwe bati la kukinga joto. Mkishuku unavuja, pakeni maji ya sabuni kwenye viungo na valvu, mapovu yatawaonyesha. Mara nyingi shida ni paipu iliyokatwa mshazari kwa kisu butu. Ikatwe wima kwa wembe mkali na irudishwe. Fundi wa kuchomelea akija kwa kazi nyingine, cheche zisifike kwenye mifuko. Na wakati wa pancha, mkiinua gari kwa kushika chesisi, ekseli inaning'inia na kuuvuta mfuko. Toeni upepo kwanza.

BREKI

Sehemu hii ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote, na ndiyo mafundi wa kandokando ya barabara hawaitaji.

Pikapu nyingi zina fimbo ndogo ya chuma au springi inayotoka kwenye ekseli ya nyuma kwenda kwenye valvu iliyo kwenye chesisi. Kazi yake ni kupima uzito kwa njia ya urefu. Mzigo ukiingia, chesisi inashuka, fimbo inasogea, na valvu inaruhusu breki za nyuma zipate nguvu zaidi. Gari ikiwa tupu, valvu inazipunguzia ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na kuteleza.

Sasa mmeweka tani moja, kisha mkaiinua gari kwa upepo mpaka iko juu kama tupu. Valvu itasema nini? Itasema gari ni tupu. Breki za nyuma zitapewa nguvu kidogo, wakati ambapo uzito wote uko nyuma. Breki za mbele zinabeba kazi yote peke yake, zinapata moto, na kwenye mteremko mrefu breki zilizopata moto zinaanza kukataa. Wale wanaoteremka kutoka Engineer kwenda Naivasha na viazi wanaujua ule mteremko. Kikundi chetu kiliushuka miezi mingi katika hali hiyo. Dereva aliniambia baadaye kwamba alikuwa ananusa harufu ya breki kila safari, na alidhani ni padi za bei rahisi.

Kuna magari ya siku hizi yanayogawa breki kwa kompyuta na hayana fimbo hiyo. Njia ya kujua ni kumwomba fundi anayejua breki awaonyeshe kwa kidole chini ya gari yenu. Kama fimbo ipo, airekebishe kulingana na kitabu cha gari baada ya mifuko kufungwa, na muijaribu polepole pahali patupu. Mtu yeyote asiifunge kwa waya akasema imeisha.

Na bima: waambieni kwamba gari imefungwa mifuko, kwa barua, kabla ya ajali. Kuwaeleza baada ya ajali ni kutafuta maneno.

NANI ATASEMA "IMETOSHA"?

Nilipokaa na kikundi kile baada ya chesisi kukatika, kila mtu alimnyoshea dereva kidole. Nikauliza, ile siku ya lumbesa nani alikuwa shambani? Kimya. Mwishowe ikatoka kwamba broka alikuwa rafiki wa mwenyekiti, na mwenyekiti alipiga simu mwenyewe saa kumi za usiku akasema "wekeni zote." Dereva analipwa kwa safari. Ana watoto wawili shule. Atamkataliaje mwenyekiti gizani, peke yake, na gari yenyewe imenyooka haionyeshi dalili yoyote ya kumtetea?

Kwa maoni yangu hapo ndipo gari ilipovunjikia, hata kabla ya chuma kupinda. Zamani springi zilimsaidia dereva kubishana. Akionyesha gari iliyokaa chini, hata mwenye mali anaona aibu. Mifuko ilimnyang'anya shahidi wake.

Walichofanya ni kuandika kifungu katika katiba ya kikundi: magunia yasiyozidi 16 ya kilo 50, lumbesa haipandi, na dereva akikataa mzigo halaumiwi wala hakatwi malipo, hata kama mwenye mzigo ni afisa wa kikundi. Mwenyekiti naye alitia sahihi. Chesisi ilitengenezwa na fundi wa kazi hiyo, ikaimarishwa, na ilikula akiba waliyokuwa wamepanga kununulia tangi la maji. Tangi bado hawana. Mifuko bado wanayo, na wanaitumia.

KAZI YA MKUTANO UJAO

Vikundi vyenye gari, njooni na logibuku, tepu, na gunia moja kama mnavyolipakia kila siku, lisipunguzwe kwa ajili ya mkutano. Lipimeni mbele ya wote. Kisha kila mmoja aandike kwenye karatasi bila kuonyesha mwenzake: gari yetu inaruhusiwa magunia mangapi? Linganisheni majibu. Mumsikilize dereva kwanza kabla ya maafisa, mumwulize ni safari gani aliogopa na kwa nini hakusema. Vikundi ambavyo havina gari lakini vinakodi, fanyeni hesabu ile ile kwa gari mnayokodi, kwa maana mzigo ni wenu.

Mkikwama kwenye hesabu, andikeni swali mumpe katekista wenu, litanifikia.